Nilichoandika Jumatano Kwenye Daftari la Koko

Jumamosi, Mbarara, 2013

Mvua inanyesha tangu asubuhi. Mawingu yameshuka juu ya kilima cha Ruharo, na mimi nina woga nisiojua pa kuuweka. Naandika haya kwenye simu, kando ya kitanda cha Koko, bibi yangu, mama yake Papa.

Koko ana saratani ya ini. Tulimleta kwenye nyumba hii ya kutunzia wagonjwa wazee ili awe karibu na dawa ya maumivu. Wahudumu husema Kinyankore, yeye hakijui. Mimi nasoma sekondari hapa mjini, kwa hiyo Jumatano na Jumamosi nakuja kumtafsiria. Kila badiliko huandikwa kwenye daftari lake, na muuguzi huyasoma madaftari, kisha huanzia kwa wale waliozidiwa.

Leo lazima nikiri.

Jumatano Koko alisukuma uji, akaguna alipogeuzwa. Nilipomuuliza, alijibu: "Niko bien, mwana wangu. Mungu ananichunga." Nikaandika: Hana shida, amelala vizuri.

Kwetu, habari nzito ya mgonjwa haisemwi kwenye simu. Mtu huitwa, huketishwa, hupewa maji, ndipo huambiwa. Basi siku hiyo nilimwambia Papa kwa simu, yeye anayevuna maharage kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwamba mama yake anaendelea salama. Alifurahi. Akasema atakuja Jumatatu.

Ulikuwa uongo, na daftarini nimeuandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Leo miguu ya Koko ni baridi hadi magotini. Pumzi yake inasimama, nangoja, kisha inarudi. Muuguzi alisoma mstari wangu, akafunua blanketi, akanitazama bila hasira. Alisema kwa sababu ya mstari ule hakupita hapa Alhamisi. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Wewe andika kitu macho yako inaona. Si kitu mgonjwa anasema." Akaongeza dawa, akasema watoto wa Koko waitwe.

Si Jumatatu. Leo.

Nilitoka barazani nikampigia Papa. Alitania, akauliza kama mama yake bado anawagombeza watu kwa sababu ya chumvi. Nikamuuliza kama ameketi.

"Papa, Koko hakule kitu leo. Miguu yake iko baridi. Usingoje lundi. Kuya leo."

"Nani alikutuma useme hivi ku simu?"

"Hakuna mutu. Ni mimi niliona."

Halafu akauliza kama Koko bado anasikia. Nikasema anasikia.

"Basi umuambie niko mu njia."

Nimemwambia, mdomo wangu karibu na sikio lake. Sijui kama alinielewa. Barabara ya Nakivale ikiloa hivi, magari mengi hayaondoki. Ningesema kweli Jumatano, saa hizi Papa angekuwa hapa, ameushika mkono huu.

Nimehamia ukingoni mwa kitanda. Kiti nimemwachia Papa.