Hakuna Atakayemsindikiza Bwana Thackray

Keziah, Selina wangu amemaliza neno lake, limechapwa katika kamusi kubwa kule London, na yule Thackray bado yu hai kuliona! Mungu ni mwema.

Sasa salamu, usije ukasema dada yako amerukwa na akili. Hujambo, mdogo wangu? Kifua cha shemeji kimepata nafuu? Hapa Cragdale sisi wazima, ila goti langu na ngazi za kiwandani havipatani, na mvua haijakatika tangu Pasaka.

Neno lenyewe ni ‘set’. Hata mimi nilicheka, kadogo vile! Lakini miaka minne ya kazi yake kwenye kamusi hiyo mwanangu hakushika jingine. Jua likizama ni ‘set’. Ukiandaa meza, ukiunga mfupa, jeli ikiganda, ukimwatamisha kuku, ukimwachilia mwizi mbwa, yote hilohilo, na kila maana lazima aitafutie sentensi ya mtu aliyeitumia kweli. Akang’ang’ana nalo. Huo ukaidi kautoa wapi kama si kwangu?

Na humo ndani ameiweka maana yetu ya huku milimani, ya kumsindikiza mgeni. Sentensi aliyoiandika chini yake ni ya marehemu mama: subiri nivae shali, nikusindikize hadi darajani. Nililia, Keziah, mpaka chai ikapoa.

Unakumbuka ilivyotuponza. Thackray alikuja nyumbani, wakati huo mwalimu mkuu, kuzungumzia nafasi ya Selina ya sekondari. Akala keki yangu vipande viwili. Alipoinuka, mtoto kwa adabu zake akasema atamsindikiza, kwa neno hilo letu. Kesho yake akamsimamisha juu ya benchi mbele ya darasa, akamwuliza: kwani mimi ni jeli, unigandishe? Au ni kuku, uniwekee mayai? Watoto wakaangua kicheko. Akasema hicho si Kiingereza, ni kelele za wafuma sufu, na nafasi akampa mtoto wa mwenye duka. Wangu akaingia kiwandani hata meno hayajamaliza kuota, akasoma jioni huku anasinzia.

Leo huyo mzee anajigamba posta kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Selina! Eti aliona kipaji mapema. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikang’ata glavu yangu.

Selina anakuja nyumbani, na tunamfanyia karamu ya chai na nyama. Ameniandikia kwamba yeye ameshasamehe, nimwalike Bwana Thackray, na niape sitamtolea neno baya. Nimeapa. Nimemwalika. Na neno baya hatalisikia.

Ila nikwambie jambo ambalo Selina halijui. Nimepita kila nyumba ya kichochoro chetu, na wote wamekubali: mzee atakapoinuka, hakuna atakayeinuka naye. Atakula nyama yangu bora, atashika kofia, atasimama mlangoni angoje, maana kwetu kila mgeni hungoja asindikizwe, na hakuna mkono utakaogusa shali. Mama Haigh alinibishia, eti Tamar wee, mzee wa watu, atapita madirisha yote yale peke yake, kila mtu ajue kafukuzwa? Nikamwambia ndiyo, ajue. Benchi lile nalo lilikuwa na madirisha pande zote. Mchungaji alikohoa weee, mwisho akasema siku hiyo anahisi viatu vitambana.

Ninayemhofia ni mmoja tu, Selina mwenyewe. Naujua moyo wake. Akimwona mzee amesimama pale na kofia mkononi, ataruka kitini amsindikize kwa upole uleule wa utotoni, na hasira niliyoilea miaka yote hii ipotelee darajani. Kwa hiyo nimekuwekea kiti ubavuni kwa Selina. Mzee akiinuka, wewe mshike mwanangu mkono, mwulize habari za London, uongo wowote, lakini usimwachie.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, waambie binamu yao ni mtu mkubwa sasa. Njooni na nguo zenu za kanisani, na wewe vaa gauni pana, ulikalie vizuri usije ukainuka. Tunawangoja nyote Jumatatu ya Pentekoste, saa kumi jioni.

Dada yako akupendaye,
Tamar Sugden, mama wa Selina