Faili la Bohari Limekonda, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. "Faili halijawahi kumchelewesha mtu, mtu hujichelewesha mwenyewe." Hayo ndiyo uliyoniambia barazani Jumapili ile, ukaegemea kiti, na wenzako wastaafu wakacheka kana kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Ila kwanza nikujulie hali, maana ugomvi usio na salamu ni wa wahuni. Goti linaendeleaje? Mama ananiambia dawa unalipaka siku ukikumbuka, lakini kulilaumu hujawahi kusahau. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanasoma na wanabishana. Mume wangu anasema hilo la pili wamelitoa upande wako, nami sikumbishia.

Unakumbuka nilipohamishiwa bohari ya hospitali, muda mfupi baada ya wewe kustaafu uongozi wake, watu walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Sikukasirika. Nilikuta kila kitu kinachoingia na kutoka, glavu, sindano, mipira ya dripu, mashuka, kinaandikwa katika faili lako lilelile moja la eksel. Asubuhi ukilifungua, skrini inakuwa nyeupe, kisha inaganda. Karani mwenzangu tunayemwita Chapu, jina alilopewa kwa kejeli, hulibonyeza halafu huenda kunywa chai, na akirudi bado halijafunguka. Muuguzi wa wodi ya watoto aliwahi kuuliza dirishani kama faili letu hupiga mswaki kwanza kabla ya kuja kazini. Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka.

Siku hizi sicheki. Wauguzi hawawezi kungoja, Baba, wana wagonjwa. Wanachukua wanachohitaji, wanaacha kikaratasi kwenye ubao wa dirisha, feni inakipeperusha, na faili linabaki likiapa kwamba mali ipo. Asubuhi moja mgonjwa alikwishalazwa mezani chumba cha upasuaji, faili likasema glavu za saizi ya daktari zimejaa tele, na rafu ilikuwa nyeupe pe. Tulikwenda kuziomba wodi ya wazazi kama jirani anayeomba chumvi. Daktari alinipigia simu akaniuliza kama nilitaka apasue akiwa amevaa soksi mikononi. Niambie wewe na wenzako: nani alijichelewesha hapo? Daktari? Mgonjwa?

Najua jibu lenu la akiba, kwamba kompyuta zetu ni kuukuu. Mkuu wa ugavi naye alikuwa na wimbo huohuo, akawa ameshaandika barua ya kuomba mpya. Nikalichukua faili nikalifungua kwenye kompyuta yake yeye, ile aliyoletewa juzijuzi ambayo bado ina karatasi ya nailoni kwenye kioo. Iliganda kwa ufedhuli uleule. Alijikuna kidevu akasema huenda ni umeme.

Basi nikatengeneza nakala, maana sina wazimu wa kupasua ya asili, nikaanza kuipekua. Ukurasa wa mwezi uliopita ulikuwa na maandishi ya kujaza skrini chache tu. Nikaiamuru kompyuta inipeleke mstari wa mwisho. Ilinitupa chini huko, mbali kuliko bohari zote za nchi zingeweza kuandika, na njia nzima hapakuwa na neno wala namba. Palikuwa na kijani.

Kijani chako, Baba. Ulikuwa ukishakagua mwezi unaupaka kijani, na ulikuwa unakagua kwelikweli. Wazee wa pale wanasimulia ulivyokuwa ukiingia kati ya rafu, miwani kwenye ncha ya pua, ukigusa kila boksi kama unampima mtoto homa. Ulipoondoka, waliobaki waliendelea na rangi wakaacha rafu. Wakawa wanapaka ukurasa mzima mpaka chini kabisa, na kompyuta ikawa inabeba rangi ya mamilioni ya vyumba vitupu vya jedwali. Tena kila mwezi mpya wanaunakili kutoka ule wa zamani, pamoja na kijani chake, nembo kubwa ya hospitali iliyobandikwa upya, na fomula zinazosoma safu nzima kutafuta kitu ambacho hakipo. Ukitazama vizuri, mwezi unazaliwa ukiwa umekwishakaguliwa! Nilimuuliza Chapu ni nani aliyekagua mwezi uliopita. Akanijibu bila kupepesa kwamba ni Mzee. Mzee gani, nikamuuliza. Akasema Mzee, mwenye kijani. Mzee mwenyewe alikuwa nyumbani analaumu goti.

Nimesoma historia za himaya za kutosha kujua kwamba nyingi hazikuangushwa na adui. Ziliangushwa na makarani walioendelea kupiga muhuri baada ya mwenye muhuri kuondoka. Sikutaka bohari yetu ife kifo hicho. Nilifuta mistari mitupu na rangi yake. Nembo nikaiacha mahali pamoja tu. Miezi iliyofungwa nikaiachia namba zake na kuziondoa fomula, maana mwezi uliokwisha hauna haja ya kuhesabiwa upya kila asubuhi. Kila mwaka nikaupa faili lake, likafungwa lisiandikwe tena, na faili la kazi likabaki na mwaka huu peke yake. Zamani halikuweza hata kutumwa kwa barua pepe kwa uzito wake. Sasa linafunguka kabla hujakaa vizuri kitini, na Chapu analalamika kwamba chai yake inapoa.

Ungedhani wangefurahi. Walipoona kurasa zimekuwa nyeupe, Chapu alishika kichwa akapiga kelele kwamba nimefuta ukaguzi wa Mzee. Habari ikapanda ngazi haraka kuliko moshi. Mkuu wa ugavi akaniita, akafunga mlango, akaniamuru nirudishe faili la zamani. Ikifika Jumatatu sijalirudisha, nikabidhi funguo za bohari na nirudi masjala nilikotoka. Nikamuuliza sababu. Akasema amepigiwa simu na mzee mmoja mstaafu anayemheshimu, asiyetaka kutajwa. Nikauliza mzee huyo amesema nini hasa. Mkuu, maskini, si mtu wa kutunza siri. Akasema mzee amemwambia Pilipili ana papara tangu utotoni.

Hospitali nzima hakuna anayenijua kwa jina la Pilipili. Ni wewe, Baba.

Sitakudanganya kwamba sikuchukia. Nilipanga upya rafu nzima ya mashuka ambayo haikuhitaji kupangwa. Lakini nilipomaliza nilikuwa nimeelewa: uliambiwa binti yako anafuta miaka yako, ukaamini, wala hukuniuliza. Sasa sikiliza jibu. Sijafuta hata namba moja uliyoiandika. Nilipozitenga kurasa zako na rangi na takataka za waliokufuata, nilipima ukubwa wake, nikarudia nikidhani nimekosea. Kazi yako yote pale bohari ilikuwa nyepesi mno. Wewe hukuwahi kumchelewesha mtu. Kilichotuchelewesha ni sisi kulitumia jina lako badala ya macho yetu.

Na hili ulisikie kutoka kwangu kabla hujaambiwa na mwingine: agizo la mkuu sijalitii, na sitalitii. Faili jipya ndilo linalofanya kazi tangu siku ile, na ubao wa dirisha hauna vikaratasi tena. Akizitaka funguo nitampa. Faili la zamani atalirudisha kwa mkono wake mwenyewe, kisha aketi pale dirishani awajibu wauguzi.

Mama msalimie sana, na umwambie kitambaa alichonishonea kimenikaa vizuri. Majirani nao wape salamu, hata yule anayeegesha gari mbele ya lango lenu. Wajukuu wanakuamkia.

Barua hii isomeni kwa sauti hapo barazani, wewe na wenzako wote mliocheka, maana wao pia walikuwa watu wa bohari. Kisha Jumatatu asubuhi njooni, goti au si goti, nitakuwekea kiti. Chukueni faili jipya, mwingie kati ya rafu, mguse kila boksi kama mlivyokuwa mkifanya. Likidanganya mahali pamoja tu, nitakabidhi funguo mbele yenu na sitafungua mdomo. Lisipodanganya, Baba, utampigia mkuu simu ya pili, palepale nikiwa nimesimama kando yako, na safari hii utalitaja jina lako.

Ni mimi mwanao mpenda haki, nikupendaye,

Binti yako wa pili