Mama na Mawe ya Ngome ya Osaka

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimetoka shifti miguu inawaka moto. Masanduku asubuhi, masanduku jioni, ndiyo kazi ya ghala huku South End, ughaibuni. Leo sijali. Jumanne tunaruka Japani, mimi, Mama na kaka Elia. Mimi huyu, mtoto wa kambi ya wakimbizi Kasulu. Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Mama amefungasha dagaa, unga wa muhogo, na kitenge cha kumzawadia mwenye ngome tunayokwenda kuiona. Nimemwambia ngome haina mwenyewe. Eti kila nyumba ina mwenyewe, na mgeni haendi mikono mitupu.

Ijumaa, 3 Oktoba
Yote haya yameanzia kwenye kalenda. Wajapani waliotuchimbia kisima kambini waligawa kalenda, Baba akaipigilia yetu ukutani. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki. Nani anaitupa picha nzuri? Ngome nyeupe, mapaa ya kijani, paa juu ya paa. Nimekua naitazama. Baba tulimzika hukohuko. Sasa Mama ana miaka sabini na goti bovu, na neno lake ni moja: aione kabla hajafa.

Jumapili, 5 Oktoba
Elia amekuja na gari lake kutoka Columbus. Badala ya salamu kaleta nuksi. Kasoma kwenye simu. Ngome ya kwanza iliteketea vitani. Ya pili ikapigwa radi, ikaungua. Hii ya leo wenye mji walichangishana wakaijenga kwa zege. Ina lifti! Anasema tunampeleka Mama kuona ofisi iliyovaa kofia. Anataka aambiwe ukweli kabla ya safari.

Nimekataa. Tumegombana uani, kwa kunong'ona, Mama asisikie. Dada kapiga simu kutoka Buffalo, naye yuko upande wa Elia. Wawili kwa mmoja. Nimemwambia Elia akithubutu, asinijue tena. Sikuwa natania.

Alhamisi, 9 Oktoba
Osaka. Siamini. Kila kitu kinang'aa, hata choo kinapiga muziki. Natembea mdomo wazi kama mjinga, na raha tupu.

Goti la Mama limevimba kwa ndege. Kesho ndiyo kesho. Nimefurahi na ninaogopa, vyote pamoja. Akivunjika moyo kule, kosa ni langu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Tumeiona. Imetokea juu ya miti, nyeupe, kubwa, nikapiga vigelegele mbele za watu. Kwenye dirisha la tiketi Mama akatoa kitenge. Binti wa tiketi akainama kwa heshima. Mama akainama. Binti akainama tena. Elia ndiye aliyewaachanisha.

Halafu ndani, lifti. Mama akasimama. Akauliza ngome ya zamani imepata wapi lifti. Elia akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Elia akamweleza yote: vita, radi, zege. Nilitamani ardhi inimeze.

 Mama akauliza, "Na mawe ya chini?"

Elia akatafuta kwenye simu. Mawe ni yaleyale, ya karne nne. Hayajabadilishwa.

"Basi tokeni hapa. Nipelekeni chini."

Hakupanda hata ghorofa moja. Tulishuka taratibu, goti hilo, mpaka kwenye ukuta wa nje. Mawe mengine makubwa kuliko nyumba tuliyoishi. Mama akapitisha ukucha kwenye maungio. Hauingii. Wala hakuna udongo katikati. Akatuambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Baba, fundi wa matofali ya udongo, alikuwa anajenga ukuta wetu upya kila masika ukianguka. Jioni anasimama mbele ya kalenda. Hatazami ngome. Anatazama chini ya picha, kwenye mawe, na kumuuliza mkewe: hawa walifanyaje?

Miaka yote hiyo nilidhani sote tunatazama juu. Nimelia. Elia pia, ingawa anasema ni jua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mimi na Elia tumepanda juu, tukauona mji wote. Pazuri sana. Tumepatana bila kusema neno.

Mama hakutaka kupanda. Tuliporudi tumemkuta ukutani, kiganja juu ya jiwe, anazungumza kwa Kirundi, lugha yetu ya nyumbani, sauti ya chini. Anamweleza Baba jinsi lilivyochongwa, linavyomlalia mwenzake, wapi limekatwa, wapi limeachwa. Alikuwa bado hajamaliza jiwe la kwanza. Tukakaa kwenye nyasi, tukamsubiri.