Mume Wangu Aliniangusha Makusudi Ili Anirekodi

Mpendwa Bi Olwen,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, na ukinikuta nimekaa kwangu utasema huyu mwanamke hana neno, lakini nimefika mahali sina wa kumwambia, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Nina miaka arobaini na sita, nimesambaza barua za posta hapa Tredegar kwa miaka kumi na tisa, mvua na barafu, mpaka miaka mitatu iliyopita misuli ya mgongo na miguu ilipoanza kukaza kama imemwagiwa saruji, na baada ya kuzungushwa kwa madaktari, wengine wakiniambia ni mawazo tu, daktari wa mishipa ya fahamu kule Cardiff akasema nina ugonjwa ambao katika watu milioni huenda wakaupata mmoja au wawili, kwamba kitu chochote cha kunishtua, honi, mlango kubamizwa, hata simu kulia, kinaweza kuukaza mwili mzima ghafla, nami huanguka kama ubao bila kuweza kutanguliza mikono. Nimeshavunja pua, nimeshavunja kifundo cha mkono.

Mwaka huu tukaomba mafao ya ulemavu ya serikali, na mtathmini akatumwa nyumbani, binti mpole na kompyuta yake, akaniuliza jina la ugonjwa linaandikwaje nikamtajia herufi moja moja, akaniuliza kama naweza kupika, kuoga, kuvaa, nami kila swali nikajibu naweza, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kujibu watu, tena siku hiyo nilikuwa nimechana nywele na kupaka rangi ya midomo. Alikaa saa nzima na katika saa hiyo hakuna kitu kilicholia, maana mume wangu Emrys alikuwa amezima simu zote, ametandika zulia mlangoni, na amemwomba jirani yetu Bwana Prosser asiwashe mashine yake ya kukata nyasi, kwa hiyo yule binti akamwona mwanamke mzima anayekunywa chai. Akauliza kama tuna mbwa, nikasema tunaye. Kwenye ripoti akaandika kwamba natembeza mbwa. Bi Olwen, mbwa wetu ana miaka kumi na minne, yeye mwenyewe hubebwa.

Wakanipa alama sufuri, yaani hakuna mafao. Tukaomba waangalie upya, wakarudisha sufuri ile ile, na sasa limebaki baraza la rufaa tu. Emrys aliisoma barua ya pili akiwa amesimama, kisha akasema, "Wangekuona ukianguka mara moja tu, Heulwen. Mara moja tu."

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye sinki naosha vikombe, mfuniko wa sufuria ukagonga sakafu nyuma yangu, nikaanguka, kidevu kikapiga ukingo wa sinki, nikashonwa nyuzi saba. Emrys alinikumbatia pale chini analia, akasema umemponyoka, na hospitalini tukasema hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa natafuta picha ya mbwa kwenye simu yake, nikaikuta video. Inaanza nimesimama, nimempa mgongo, kikombe mkononi, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea, mimi naosha tu na yeye ananyamaza tu, halafu ndipo mfuniko unapogonga.

Nilimuuliza, wala hakukana. Alisema, "Nilidhani utaishika sinki. Ulishindwa kujisemea, ndiyo nikakusemea."

Huyu ni mtu aliyeacha kazi yake ya kuezeka mapaa ili anihudumie, ananivua viatu, ananiosha mgongo, na sasa siwezi kukaa naye meza moja, kila akipita nyuma yangu mwili unakaza kabla hajagusa kitu. Anataka tuipeleke hiyo video kwenye rufaa, zimebaki siku tisa za kuiwasilisha, na kinachoniaibisha zaidi ni kwamba kuna upande wangu unaotaka iende, ili yule binti aone kidevu changu kinavyopasuka. Dada yake Emrys, Mererid, ndiye rafiki yangu wa karibu na bado sijamwambia. Nifanye nini? Ukijibu, Emrys atasoma, maana ndiye anayenisomea gazeti. Na asome.

Heulwen, Tredegar

*

Heulwen (jina nimelibadilisha, na ya wengine pia),

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, kwa hiyo usitegemee sauti laini.

Mumeo amekupiga. Hakutumia ngumi, ametumia kitu ambacho anajua kinakuangusha kuliko ngumi, na alisubiri mpaka umpe mgongo. Kuchoka kwake ni kweli na kukupenda kwake huenda ni kweli, lakini ungetangulia na shingo badala ya kidevu, leo angekuwa amebaki na video ya kifo chako.

Na wewe pia nina neno nawe. Ulimwambia mtu wa serikali "naweza" saa nzima, kwa adabu, kama vile kaja kukuposa. Ungemalizia sentensi: naweza kupika, ila mtu akigonga mlango naangukia jiko. Hiyo siyo kulalamika, ndiyo hali yako. Lakini kosa lako ni la aibu tu. Kosa lao ni kubwa: mtu anayehitaji kutajiwa ugonjwa herufi kwa herufi hana haki ya kuupa sufuri kabla hajamaliza kuusoma, na aliyethibitisha sufuri hiyo bila kumpigia daktari wako simu amelipwa mshahara kwa kazi ambayo hakuifanya.

Sasa sikiliza. Video haiendi kwenye rufaa. Wataona mfuniko, watauliza nani aliuangusha na kwa nini kamera ilikuwa tayari, na wewe utalazimika kusema uongo mbele yao, wakati ukweli wako unatosha. Ila usiifute. Jitumie nakala, mpe Mererid aitunze, kwa sababu huenda siku moja ukaihitaji dhidi ya Emrys.

Rufaa iandike wiki hii. Daktari wa Cardiff aeleze kwa barua mshtuko mmoja unakufanya nini. Akichelewa, tuma fomu kwanza, barua itafuata. Pua na kifundo viko kwenye kumbukumbu za hospitali, ziombe. Bwana Prosser aandike ni kwa nini huwa anaombwa azime mashine yake. Nenda kituo cha ushauri cha mjini, kuna watu wanaojaza fomu hizi bure kila siku na hawatakuonea huruma ya kijinga. Omba kusikilizwa ana kwa ana, na atakayekaa kando yako ni Mererid. Na waliokushona hospitalini waambie kidevu kilipasuka vipi, ukweli wote.

Emrys aondoke nyumbani kwa sasa. Yeye, siyo wewe. Nyumba hiyo imepangwa kwa ajili ya mwili wako. Ndoa mtaizungumza baadaye, ukiwa na mtu mwingine chumbani.

Emrys, kama unasoma kwa sauti, endelea. Ulikuwa na hasira na ofisi, ukaimalizia kwa mtu pekee asiyeweza kukimbia. Funga begi lako, kisha umwambie dada yako ulichofanya, kwa mdomo wako mwenyewe.

Heulwen, usimsubiri apate ujasiri huo. Mpigie Mererid leo, kabla ya chakula cha mchana.

Olwen