Bruna, Uliyeshuka Mkokotenini

Mwezi wa Adari wa kalenda yetu umezunguka na kurudi, Bruna, tangu mikokoteni yetu ianze kutoka lango la kusini, nawe ukashuka. Baraza la mji lilitaka tuwe tumeondoka kabla ya jua kuzama, kwa kuwa tauni ilikuwa imeingia na watu walisema Wayahudi tumetia sumu visimani. Visima vilevile tulivyonywea maji sisi.

Ndipo ikaja habari kwamba bibi Gutlin, muuza viungo wa mtaa wetu, amekata roho. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiosha maiti za wanawake wetu, na kwetu maiti haiachwi peke yake mpaka izikwe.

"Panda, Mama Minna," mumeo Suskind alisema. "Wafu hawana haraka."

"Ndiyo maana kila mtu anawaacha."

"Bibi yule amekutukana miaka yote."

"Na hata kufa kachagua siku ya kutusumbua. Nendeni. Nikishamwosha na kumshonea sanda nitawakuta kivukoni."

Ndivyo ulivyokuwa. Maji ya kuoshea maiti uliyapasha moto, ukisema asiyeweza kulalamika ndiye wa kuhurumiwa kwanza. Mkate wako wa Sabato uliungua chini kila Ijumaa, nasi tuliugombania. Mimi, kaka yako, nikitoka safari zangu ulinipa chakula kwanza, maswali baadaye.

Tulikungoja kivukoni, Suskind akimbembeleza mwenye mashua. Kisha tukaona moshi juu ya mtaa wetu. Watu wa mji hawakungoja jua lizame; waliuchoma. Jirani yako Mkristo, yule mwoka mikate, alitufuata akatueleza: alikuita dirishani upitie mlango wake wa nyuma, ukamjibu, "Sijamaliza, na simwachi."

Laiti tungeshuka sote tukambeba yule bibi. Nafasi ilikuwepo, pale juu ya magodoro. Hakuna aliyefikiria hilo.

Wewe na bibi Gutlin hamna kaburi. Mawe ya makaburi yetu wameyajengea ukuta wa mji, na mtaa wetu sasa ni soko. Mwoka mikate alikufa kwa tauni kiangazi kilekile. Suskind yuko mji wa Kalisz, anashona viatu. Minna ameolewa na mchinjaji. Mimi bado niko njiani.

Unakumbukwa na mumeo Suskind, binti yako Minna, na kaka yako Yekutiel. Kila Adari tutakuwashia taa na kulitaja jina lako, maadamu mmoja wetu yu hai.