Nilimshtaki Nahodha, Sasa Anataka Kunioa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui pa kuanzia kuifungua.

Mimi ni fundi bomba, mjane, nimefanya kazi miaka tisa katika kituo cha sayari ya Mirihi, na kilipofungwa tukaamriwa turudi duniani, nami nikagoma, kwa sababu marehemu mume wangu amezikwa kule, nikajifungia stoo mpaka nahodha wa chombo cha anga kilichotujia akaja mwenyewe, akaketi nje ya mlango saa nzima, akasema, "Dada, sikutoi kwa nguvu, lakini hewa ya humu inazimwa kesho." Nikatoka, nikapanda, nikamchukia. Wiki ya kwanza ya safari nikaiandikia kampuni yenye chombo kwamba alinikokota na kunitukana mbele ya abiria, uongo mtupu, nikautuma na roho ikatulia.

Basi mwezi wa tatu wa safari bomba kuu la maji likapasuka, fundi wa chombo yuko hoi kitandani, tumebaki na maji ya siku nne kwa watu thelathini na wawili, nahodha akagonga mlango wangu akasema, "Fundi, nimekwama," nami nikachukua spana, tukajipenyeza chini ya sakafu siku mbili, yeye akinishikia taa, na maji yaliporudi abiria walinibeba juujuu, ingawa kule angani hakuna mwenye uzito. Toka hapo tukawa tunakunywa chai pamoja, akaniuliza habari za marehemu bila wivu, na wiki iliyopita, tumeshatua, alikuja kwa mama akasema anataka kunioa, turudi wote angani, mimi niwe fundi wa chombo. Nikaomba siku chache. Jana kampuni ilimwita kikaoni Jumatatu kwa ile barua yangu, anaweza kunyang'anywa leseni, naye ananiambia mimi, "Sijui nilimkosea nani." Nikisema ukweli nampoteza, nikinyamaza anapoteza chombo.

Fundi

JIBU

Fundi, barua yako haikungoja gazeti. Nilikupigia simu siku ileile, na niliyokwambia nayarudia ili wengine wasikie. Pole kwa kutenganishwa na kaburi la mwenzio. Lakini uchungu haukukupa ruhusa ya kumchafua mtu aliyekaa sakafuni akikubembeleza. Na kunyamaza wakati anakuuliza kamkosea nani ni kubaya kuliko barua yenyewe. Nilikuagiza umwambie kabla hujalala, kisha uingie kikaoni kwa miguu yako.

Ukamwambia usiku huohuo, na Jumatatu ukaenda. Umeniandikia kwamba ulisimama mbele ya wakuu watano ukasema, "Niliongopa," kesi ikafutwa, nawe ukapewa onyo kali. Nahodha alikaa siku tatu bila kukusemesha, na hiyo ni haki yake. Siku ya nne akarudi kwa mama yako, safari hii na dada yake mkubwa, akakwambia, "Nimekasirika, na bado nakutaka." Mwanamume anayeyasema hayo mawili kwa pumzi moja, usimwachie mwingine.

Sasa nisikilize. Ndoa kwanza, hapahapa chini, mama akiona kwa macho yake. Kazi ya ufundi iwe na mkataba wake, jina lako, saa zako na likizo yako. Usipande kama mke wa nahodha anayeziba mabomba kwa hisani. Mkigombana, gombaneni ana kwa ana. Halafu dai chumba chenye dirisha, dada yangu, ukae hapo uitazame dunia ikibaki nyuma, kwa maana safari hii hakuna aliyekuamuru kupanda.