Fagio la Bibi na Jeraniamu Zangu

Haltom City, Jumamosi, Juni 2019

Jua limechoma tangu asubuhi, lakini moyo wangu umetulia. Nina udongo chini ya kucha, na leo nimesema jambo kwa sauti.

Kwangu hilo ni kubwa.

Tangu nimalize shule wiki iliyopita, kila mtu ananiuliza nitafanya nini. Huwa natabasamu tu. Jibu langu liko nje, kando ya ukuta wa mashariki: jeraniamu zile fupi, zinazotambaa chini kama mkeka. Nilizipanda joto lilipopungua mwaka jana, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Pale zinapata jua la asubuhi tu. Zilikuwa zimeshaanza kushikana, maua ya rangi ya waridi yanachungulia. Nataka kazi kwenye kitalu cha maua, na picha za jeraniamu hizi ndizo cheti changu.

Leo nimetoka nikakuta nusu haipo. Ardhi tupu, mistari ya fagio imenyooka.

Bibi amekuja juzijuzi kutoka Tabora kuishi nasi huku ughaibuni. Kwake uwanja safi ni uwanja usio na jani.

"Nimekuondolea magugu, mke mwenzangu," akasema, ameegemea jembe. "Nyoka wangelala humo."

Siku nyingine ningejifungia chooni nilie.

"Bibi, hayo ni maua yangu. Nimeyapanda mwenyewe."

Akainama kuyatazama. "Maua gani yanalala chini kama mgonjwa? Na wewe mbona hukusema? Kimya kama maua yako!"

Nikacheka bila kutaka. Kisha nikachambua rundo lake. Vipande vingi vilikuwa bado na mizizi. Nikapunguza majani, nikavirudisha ardhini, nikamwagilia. Bibi akaokota mawe, akayapanga mstari: huku atafagia, kule hagusi. Mwisho akafunga khanga yake kwenye viti viwili ili miche ipate kivuli.

"Mche ukifa hata mmoja, Bibi, utafagia na chumba changu."

"Kile? Kinahitaji jembe."

Jioni hii majani yamelegea, lakini hayajanyauka. Yatashika, najua. Mwakani yatavuka mawe ya Bibi, na itabidi nifungue mdomo tena.

Nitafungua.

Jumatatu naanzia kitaluni, kuomba kazi.